Kabla Hujatunga Uganga, Uliza Masharti Yake

Hadithi yangu ya kwanza ya fantasia, zile hadithi za nguvu za ajabu, niliiandika kwenye daftari la skuli, nikaimaliza kwa wiki mbili, nikavuka nayo kwenda Pemba msimu wa karafuu. Usiku, nyumbani kwa bibi kule Wete, tumekaa jamvini tunachambua karafuu za siku ile, vidole vimeshaingia weusi na vinanata, makonyo upande huu, karafuu upande ule. Nikasoma kwa sauti. Shujaa wangu alikuwa na fimbo. Akiiinua, bahari inapasuka. Akiiteremsha, adui anageuka jiwe. Binamu zangu walisikiliza kurasa mbili tatu, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Bibi ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Mke mwenzangu, na masharti yake?"

Sikuwa na la kumjibu. Fimbo yangu haikuwa na masharti.

"Basi huyo hana shida," akasema, mikono bado imo karafuuni. "Na mtu asiye na shida tunamsikilizia nini?"

Nimeshasoma riwaya nyingi za fantasia tangu usiku ule, na kila nikifungua mpya swali la bibi ndilo linalotangulia. Vijana wanaoniandikia kuniuliza waanze na mwandishi gani, au watungeje nguvu za ajabu za hadithi zao, nawapa swali hilo hilo. Bibi hajasoma riwaya hata moja ya namna hii. Lakini amekulia Pemba, na huko kila mtu anajua kuwa dawa haitoki bila masharti: usile kitu fulani, usigeuke nyuma, ada iwekwe kabla ya jambo kuanza. Na juu ya yote, mganga hajigangi. Hebu litazame neno hilo kwa jicho la mtunzi. Mtu anaponya kijiji kizima, mwenyewe akiugua hana la kufanya. Hapo una riwaya nzima mkononi.

Anayelijibu swali la bibi kwa uwazi kuliko wote ni Brandon Sanderson, Mmarekani. Katika Mistborn, iliyotoka 2006, wenye kipawa humeza vumbi la madini, kisha "huyachoma" tumboni ili kupata nguvu. Kila madini yana kazi yake: bati hunoa macho na masikio, chuma huvuta vitu vya madini vilivyo karibu, na chuma cha pua huvisukuma. Sasa tazama anavyolifanyia kazi jambo dogo kama hilo. Msichana Vin anadondosha sarafu chini, anaisukuma. Sarafu imeshagota kwenye mawe, haina pa kwenda, kwa hivyo anayerushwa ni yeye, juu ya mapaa. Akimsukuma mtu mzito aliyevaa deraya, anayetupwa nyuma ni yeye tena, kwa sababu ni mwepesi. Na madini yakimwishia tumboni katikati ya vita, basi, amebaki msichana wa kawaida mbele ya mapanga. Sanderson mwenyewe aliandika mwaka 2007 kanuni anayoifuata: mwandishi anaweza kutatua tatizo kwa uchawi kwa kadiri ile ile msomaji anavyouelewa uchawi huo. Baadaye akaongeza kwamba mipaka ya nguvu ina uzito kuliko nguvu zenyewe. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi na jamvi lake.

Kama unaanza kuandika, soma Sanderson kwanza. Atakufundisha nidhamu. Ila nitasema ninavyoona: baada ya vitabu vitatu nilikuwa nayajua madini yake kama jedwali la kuzidisha, na sikuwa nayaogopa tena. Masharti yake ni ya fundi. Yanakwambia kifaa kitafanya kazi lini na kitakwama lini. Masharti ya bibi yana kitu kingine ndani yake, yana hofu na yana haya.

Hicho nilikipata kwa Ursula K. Le Guin. A Wizard of Earthsea ni kitabu cha 1968, kimemzidi umri mama yangu, lakini mtu wa visiwani akikisoma atahisi kimeandikiwa yeye. Dunia nzima ni visiwa. Watu ni wavuvi na mabaharia, wengi wao weusi au wa maji ya kunde, na mjuzi wa upepo hupanda chomboni kama fundi mwengine yeyote. Nguvu zote zimo katika jina la kweli la kitu. Ukilijua jina la kweli la mtu, umemshika, ndiyo maana kila mtu hutumia jina la kupanga na lile lingine humpa anayemwamini tu. Msomaji wa mbali huenda akaliona hilo ni jambo la kubuni. Kwetu, anayetaka kukutazamia nyota anakuuliza jina lako na jina la mama yako, na wako watu wazima hapa mjini ambao hawalitoi la mama ovyo.

Na gharama yake? Ukiita mvua katika kisiwa kimoja, huenda umeleta ukame katika kingine. Shujaa wa kitabu, kijana Ged, kwa kiburi tu, kwa kutaka kumwonyesha mwenzake chuoni, anaita roho ya maiti, na kupitia ufa ule kinaingia kivuli kinachomrarua uso. Mzee mkuu wa chuo anaufunga ufa kwa nguvu zake zote, na anakufa. Kijana amekosa, mzee amelipa. Sijui gharama iliyo ya kweli zaidi ya hiyo kwa mtu aliyelelewa na wazee.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia. Nilipojaribu kumsimulia bibi kisa cha Ged kwa Kiswahili, nilisema "mchawi", akaniambia nyamaza, huyo si mtu wa kuhadithiwa usiku. Alikuwa na haki. Kwetu mchawi ni anayedhuru. Anayetibu ni mganga, anayecheza na macho ya watu anafanya kiinimacho, na sihiri ni neno zito la dini. Ukitunga kwa Kiswahili, chagua neno lako kabla hujaandika sentensi ya kwanza, kwa sababu neno lenyewe limeshamhukumu mhusika wako. Mimi sasa natumia "mjuzi". Bibi akalikubali, nasi tukaendelea.

N. K. Jemisin ndiye aliyenitikisa zaidi. The Fifth Season, ya 2015, na vitabu viwili vilivyoifuata, vilishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora, tuzo kubwa ya vitabu vya namna hii, miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyekuwa amelifanya kabla yake. Watu wake wanaweza kutuliza tetemeko la ardhi, au kulianzisha. Joto la kazi hiyo hulivuta kutoka kwa vilivyo karibu nao: ardhi inaganda barafu, na aliyesimama mahali pabaya anakufa kwa baridi. Kwa hivyo wanaogopwa, wanatukanwa, wanachukuliwa wangali watoto na kufunzwa chini ya walinzi. Kuna mahali mlinzi anamvunja mkono mtoto wa kike, kwa makusudi, ili aone kama ataweza kuzizuia nguvu zake katika maumivu. Nilikifunga kitabu hapo, nikatoka nje kutembea. Kwa Jemisin, sharti halimo katika nguvu peke yake. Mwenye nguvu ana wenyewe wanaotaka kummiliki, na hilo nisingelijifunza kwa Sanderson.

Patrick Rothfuss naye, katika The Name of the Wind ya 2007, ana uchawi wa kufunganisha vitu viwili ili kinachotendwa kimoja kimpate mwenzake, na ukikosa moto wa kutumia, joto litatoka katika damu yako. Ni wazo zuri sana, ingawa mimi hadithi yenyewe ilinichosha. Na Tolkien, wa The Lord of the Rings, hakueleza kitu, mjuzi wake Gandalf anatenda tu, na inatosha, kwa sababu mara chache sana anaachiwa amalize tatizo kwa nguvu zake peke yake.

Lakini usidhani masharti ni jambo la kigeni kwenye vitabu vyetu. Mrudie Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Ndugu waliomfanyia Adili ubaya wamegeuzwa manyani, na yeye ametiwa sharti na jini kuwapiga kila usiku. Anawapenda, na anawapiga. Nilikisoma skuli kama kitabu cha mtihani, nikajibu maswali ya maadili, na hakuna aliyetuambia kuwa tumeshika fantasia. Kisome upya usiku mmoja, polepole.

Sasa ninapotunga, sianzi na "anaweza nini". Naanza na nani atalipa, na kama mlipaji aliulizwa. Kisha namsomea kwa sauti mtu asiyejua fantasia ni kitu gani. Rafiki aliyezoea vitabu hivi atakusamehe mengi kwa sababu ya mazoea. Mtu wa jamvini hakusamehe.

Hadithi ninayoandika sasa ni ya msichana wa kijiji cha wavuvi karibu na Konde, anayeweza kuita upepo. Upepo wowote anaouita unatoka mahali, tanga la mtu mwengine linalala. Mwezi uliopita nilimsomea bibi sura ya nne, ambapo msichana anaita upepo kulirudisha jahazi la baba yake lililokwama baharini. Nilisoma nikafika jahazi linapoingia bandarini na watu wanashangilia.

Bibi hakushangilia. Alisubiri ninyamaze, akasema: "Na yule aliyelaliwa na tanga, umeshamjua ni nani?"

Nimeifuta sura ya tano. Naiandika upya kutoka ndani ya chombo hicho cha pili.