Skripti imefuta komenti zangu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunaandika programu ya mikopo ya SACCOS kwa Python. Nilitaka kubadilisha jina la funksheni iliyotapakaa kwenye mafaili mengi, nikatunga skripti: inasoma kwa ast.parse, inabadilisha jina, inaandika upya kwa ast.unparse. Programu inafanya kazi, ila komenti zote zimepotea na mistari imebanana. Mwenzangu amegoma kupitisha mabadiliko. Ana haki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ana haki, tena mnunulie soda.

Python ikisoma faili hujenga mti wa sintaksia: majina, thamani na amri, basi. Komenti, yaani maelezo ya binadamu yanayoanza na #, hutupwa mapema, kwani kompyuta haina kazi nayo. Sasa ast.unparse, iliyokuja na Python 3.9 mwaka 2020, huandika kutoka kwenye mti huo. Itarudishaje kitu ambacho haikupewa? Yale maelezo ya nukuu tatu chini ya jina la funksheni utayakuta, maana kwa Python hayo ni maandishi halali. Kagua na namba. Kama ukomo wa mkopo uliuandika 1_500_000, sasa unasomeka 1500000. Thamani ni ileile, lakini anayekagua jioni amechoka atahesabu sifuri kwa kidole. 0xFF nayo imegeuka 255.

Tupa tawi hilo la Git lenye mabadiliko yako, uanze upya na LibCST, maktaba ya Python iliyotengenezwa Instagram. Mti wake hutunza kila nafasi, mabano na komenti. Ukigusa jina, mengine yanabaki yalivyo. (Kwa jina moja tu, hata amri ya kubadilisha jina ndani ya kihariri chako ingetosha.)

Mkitaka kupanga msimbo kwa Black, programu inayonyoosha mpangilio wa msimbo yenyewe, iwe komiti (rekodi ya mabadiliko kwenye Git) ya peke yake. Namba yake iandike kwenye faili la .git-blame-ignore-revs, kisha:

git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs

Git inaweza hilo tangu toleo 2.23 la 2019. Anayeuliza kwa git blame, amri inayoonyesha nani aliandika mstari upi, nani aliweka riba ile atamwona aliyeiweka, si wewe uliyeendesha Black. Jedwali la riba mlilopanga kwa mkono lizungushieni # fmt: off na # fmt: on, Black isiliguse.

Ast.parse usiiache. Chukua ast.dump (ule mti ukiwa maandishi) ya kila faili kabla na baada ya LibCST, ulinganishe: kilichobadilika kiwe lile jina tu. Ukiona kingine, usikomiti.