Sindano ya Hijja: ulizeni kabla ya kunyoosha mkono

Kila msimu watu huja kuchanjwa homa ya uti wa mgongo huku mabegi yameshafungwa. Wamechelewa. Saudia inataka chanjo iwe imetimiza angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa Hijja na kwa Umra, maana mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Mlioko Pemba anzeni wiki 4 kabla, na pigeni simu kwanza: ni uchungu mzee kupanda boti Mkoani mpaka Unguja akaambiwa dawa imekwisha.

Inayokubaliwa ni ya makundi manne ya vimelea vya ugonjwa huu: A, C, W na Y. Zamani ilitosha ya A na C, mpaka mwaka 2000 kundi W lilipozuka kwa mahujaji na kuwafuata hadi majumbani mwao.

Hapo ulizeni jambo ambalo wengi hawaulizi: ni konjugeti au ni polisakaridi tupu, yaani sukari ya ganda la kimelea peke yake? Konjugeti ni sukari hiyo iliyofungamanishwa na protini, kwa hiyo mwili huikumbuka zaidi. Cheti chake ni miaka 5. Tena inapunguza vimelea vinavyojificha kooni, na hilo ndilo linalomkinga mjukuu anayekupokea uwanja wa ndege. Polisakaridi ni miaka 3, na haisafishi koo. Aina isipoandikwa kwenye kadi, Saudia huihesabu miaka 3 hata kama ulichomwa konjugeti. Basi msiondoke dirishani kabla ya kusoma: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la chanjo na aina yake, nambari ya bachi, tarehe, muhuri.

Tazameni na kichupa. Baadhi huja na unga mweupe mkavu na kimiminika chake mbali. Kosa linalojulikana ni kuchoma kimiminika peke yake, unga ukabaki chupani. Dozi ni mililita 0.5, begani. Huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 8. Iliyoganda haifai tena.

Chanjo za kawaida za Penta na PCV wanazopata watoto wiki ya 6, 10 na 14 huzuia vimelea vingine vya uti wa mgongo, si hivi. Mtoto aliyetimiza mwaka naye achanjwe akisafiri.

Mkono utauma siku moja au mbili. Lakini huko au baada ya kurudi, homa kali na shingo kukakamaa, au madoa yasiyofifia ukiyabonyeza kwa gilasi, ni hospitali saa ileile, na mwambieni daktari mgonjwa ametoka Makka.