Ukimtafuta Mkulima Mwanzilishi wa Marekani, Anzia Kwenye Konde Lake

Nimeolewa katika familia ya wakulima wa Nebraska, katikati ya Marekani, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikifuatilia habari za mzee wao wa kwanza kulima huko kwa plau ya ng'ombe. Mama mkwe wangu ni kitukuu chake, mume wangu ni kilembwe chake, na wanangu ni vining'ina vyake. Ndugu na marafiki wanaozungumza Kiswahili huku, waliooa au kuolewa kama mimi, na wengine wanaowahudumia wazee majumbani, wameniuliza mara nyingi waanzie wapi pale mzee anapowakabidhi bahasha ya picha za kale na kuwaomba wamtafutie babu zake. Jibu langu ni moja, nami nimelipata kwa taabu: usianze na jina la mtu, anza na ardhi aliyoilima.

Mimi nilianza na jina. Nililikuta katika sensa ya 1880, katika wilaya ileile tuliyoambiwa, nikafurahi, nikakaa miezi minane nikimfuata mtu huyo hadi Indiana, kwa wazazi wake na kwenye makaburi ya kanisa lao. Hakuwa mzee wetu. Wilaya hiyo ilikuwa na wakulima wawili wa jina moja waliopishana umri kwa miaka mitatu, wote wenye wake walioitwa Mary. Siku nilipokwenda kwenye masijala ya wilaya na kumweleza karani masaibu yangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: shamba lao lilikuwa wapi? Majina hufanana, lakini watu wawili hawawezi kupewa konde moja kwa hati moja, na tangu siku hiyo sijapotea tena.

Ili swali hilo lieleweke, lazima ujue jinsi ardhi ilivyogawanywa. Katika majimbo mengi ya magharibi, serikali ya Marekani iliipima ardhi kwanza kwa miraba, ndipo ikaigawa. Mraba mkubwa, uitwao taunishipu, una maili 6 kila upande. Ndani yake mna vipande 36 viitwavyo seksheni, kila kimoja kikiwa na ekari 640. Na robo ya seksheni ni ekari 160. Hizo ekari 160 ndizo zilizowekwa kuwa kikomo na Sheria ya Makao, ambayo Wamarekani huiita Homestead, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Aliyekuwa mkuu wa kaya au aliyetimiza miaka 21, raia au mtu aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, na ambaye hakuwahi kuishikia Marekani silaha, aliweza kuomba konde kwa ada zilizofikia dola 18 kwa jumla, akakaa na kulima miaka mitano, kisha akaleta mashahidi na kupewa hatimiliki. Kwa njia hiyo zilitolewa hatimiliki zipatazo milioni 1.6, na kila moja ina faili nyuma yake.

Kabla ya kufungua faili la mzee wetu, nilijifunza kusoma faili la mtu anayejulikana, nami nakushauri ufanye hivyo. Daniel Freeman, mzaliwa wa Ohio wa mwaka 1826, aliandikisha ombi namba 1 katika ofisi ya ardhi ya Brownville, Nebraska, tarehe 1 Januari 1863, siku ambayo sheria hiyo ilianza kutumika. Konde lake lipo karibu na mji wa Beatrice, wilaya ya Gage, na leo ni hifadhi ya taifa. Limeandikwa hivi: nusu ya kusini ya robo ya kaskazini-magharibi, robo ya kaskazini-mashariki ya robo hiyohiyo, na robo ya kusini-magharibi ya robo ya kaskazini-mashariki, katika seksheni ya 26, taunishipu ya 4 kaskazini, renji (yaani safu ya taunishipu) ya 5 mashariki. Ukisoma mara ya kwanza utaona ni maneno ya kuchosha tu. Sasa chukua karatasi ya miraba uyachore. Utapata vipande vinne vya ekari 40, vitatu vikiwa vimejipanga mstari mmoja kutoka magharibi hadi mashariki, na cha nne kimekaa juu ya kile cha katikati, mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Mtu angeweza kuchukua robo nzima ya seksheni bila kujisumbua, lakini kijito cha Cub Creek hupita katika ardhi hiyo, na mimi nikiutazama mchoro namwona mkulima anayefuata maji na miti, akijua kwamba katika mbuga ile kuni na mbao ni mali. Hayo yote yamo katika mistari mitatu ya maelezo ya mpaka.

Miaka mitano baadaye, Januari 1868, Freeman alileta ushahidi wake. Majirani wawili, Joseph Graff na Samuel Kilpatrick, waliapa kwamba amejenga nyumba ya futi 14 kwa 20, sehemu ya magogo na sehemu ya mbao, yenye milango miwili na madirisha mawili. Kwamba amelima na kuzungushia ua ekari zipatazo 35. Kwamba ana zizi, banda la kondoo lenye urefu wa futi 100, ghala la mahindi, mitufaa 40 na mipichi ipatayo 400. Naomba usome orodha kama hiyo polepole. Mtu aliyepanda mipichi 400 hakuwa na nia ya kuhama, na mtu mwenye banda la kondoo la futi 100 alikuwa akipanga mifugo mingi kuliko aliyokuwa nayo mwanzoni mwaka ule alipofika. Majina ya mashahidi nayo yaandike daftarini mara moja, kwa sababu mara nyingi shahidi alikuwa shemeji, mtu waliyetoka naye kijiji kimoja, au mkwe wa baadaye. Kuanzia 1879 sheria ilimtaka mkulima atangaze gazetini nia yake ya kutoa ushahidi na ataje majirani wanne. Kwa hiyo hata kama faili limekosa mengi, gazeti la wilaya laweza kukupa watu wanne wa kuwafuata.

Namna ya kulipata faili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Idara ya usimamizi wa ardhi ya serikali kuu imeweka hatimiliki kwenye intaneti bila malipo, nawe waweza kutafuta kwa jimbo, wilaya na jina. Chukua namba ya hati, jina la ofisi ya ardhi na maelezo ya konde, kisha uombe faili lote kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington. Mafaili ya Nebraska yamekwisha kupigwa picha na yanasomeka kwenye kompyuta. Lakini usikate tamaa ukimkosa mtu wako kwenye orodha ya hatimiliki. Wengi walishindwa na ukame, nzige au deni, wakaondoka kabla ya miaka mitano, na maombi yao yaliyofutwa yamehifadhiwa vilevile, tena nyakati nyingine ndiyo yenye maelezo marefu zaidi. Vilevile, ukiona mtu amepata hati kabla ya miaka mitano, jiulize sababu: huenda alinunua konde kwa dola 1.25 kwa ekari, jambo lililoruhusiwa baada ya kukaa miezi sita, au alikuwa askari, kwa maana kuanzia 1872 miaka ya jeshini ilihesabiwa. Ikiwa ni askari, nenda kwenye mafaili ya pensheni, kwa sababu mjane aliyedai pensheni alilazimika kuthibitisha ndoa yake, na humo utakuta vyeti, viapo vya wakunga, na hata kurasa zilizochanwa kutoka Biblia ya nyumbani.

Faili la mzee wetu lilikuwa na kurasa 22. Aliomba konde mwaka 1874 na kutoa ushahidi Septemba 1880. Nyumba yake ilijengwa kwa mabonge ya udongo uliofungamana na mizizi ya majani, kama walivyofanya wengi pale ambapo mti haukuonekana hadi upeo wa macho. Katika swali la kama aliwahi kuondoka kondeni, alijibu kwamba majira mawili ya baridi alikwenda kufanya kazi kwenye reli ili apate fedha za mbegu, mkewe akabaki. Mkewe akabaki: mama mkwe wangu alinisomesha jibu hilo mara tatu. Na katika swali la familia aliandika kwamba ana mke na watoto watatu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo limenifanya niandike makala hii. Familia ina Biblia kubwa yenye kurasa za kuandikia waliozaliwa, waliooana na waliofariki, na Biblia hiyo inaonyesha kwamba kufikia 1880 mzee alikuwa na watoto wawili tu, si watatu. Kwa miaka yote Biblia ndiyo iliyoaminiwa. Niliomba kuishika, nikaitazama dirishani kwenye mwanga. Majina ya watoto wote sita yalikuwa ya mkono mmoja na wino mmoja wa rangi ya kahawia, bila tofauti yoyote kati ya mtoto wa 1875 na yule wa mwisho. Nikafungua ukurasa wa mbele: Biblia ilichapwa mwaka 1884. Maana yake ni kwamba aliyeandika aliketi siku moja, miaka mingi baadaye, akaandika aliowakumbuka, au pengine waliokuwa hai. Kwa hiyo ukipewa Biblia ya ukoo, tazama mwaka wa kuchapwa na tazama wino kabla hujanakili tarehe hata moja.

Kisha nikarudi kwenye sensa, safari hii nikiwa na konde mkononi na majirani wa kunithibitishia kwamba nimempata mtu sahihi. Sensa za Marekani hufanywa kila miaka 10 tangu 1790, lakini ni tangu 1850 tu zilipoanza kutaja kila mtu huru kwa jina, na tangu 1880 zinaeleza uhusiano wake na mkuu wa kaya. Kuanzia 1850 hadi 1880 zilikuwapo pia karatasi za kilimo, zinazoonyesha ekari, mifugo na mavuno ya kila shamba. Wengi huziruka, nami naziona kuwa bora kuliko picha. Sensa ya 1890 iliharibiwa karibu yote kufuatia moto wa 1921 mjini Washington, na pengo hilo la miaka 20 huumiza, ingawa Nebraska ilifanya sensa yake mwaka 1885. Ile ya 1900 ina safu mbili ambazo kila mwanamke wa ukoo wako anastahili uzisome: amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Kwa bibi yetu imeandikwa amezaa 8, hai ni 6.

Simulizi za familia usizidharau, ila zipe safu yake. Kuhusu Freeman husimuliwa kwamba alikuwa askari mwenye haraka ya kurudi jeshini, akamshawishi karani katika karamu ya mwaka mpya amfungulie ofisi baada tu ya usiku wa manane. Hati zinathibitisha siku, ofisi na namba. Karamu yenyewe ninaiacha kwenye daftari la simulizi. Mkewe, Agnes Suiter wa Le Claire, Iowa, alikuwa mchumba wa James, nduguye Freeman, aliyefariki wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe; Daniel akamwandikia barua, na wakaoana Februari 1865. Faili la ardhi halikuambii hilo hata kidogo, barua ndizo zinazokuambia. Tena pekua mahakamani: mwaka 1902 Freeman, akiwa mzee, alishinda kesi katika Mahakama Kuu ya Nebraska, akipinga mwalimu wa shule ya jirani kuendesha ibada ya Biblia darasani. Ni upande wa mtu ambao mipichi 400 isingeuonyesha.

Na unapochora konde, andika pia nani alikuwapo kabla. Sehemu kubwa ya kusini-mashariki ya Nebraska ilikuwa nchi ya Otoe na Missouria, makabila ya wenyeji wa asili, walioikabidhi kwa mkataba wa 1854 wakabakiziwa eneo kwenye mto Big Blue, na kufikia 1881 wakahamishiwa Oklahoma. Mama mkwe wangu hakupenda niiweke habari hiyo katika kitabu cha familia. Niliiweka, tukajadiliana, na sasa ipo ukurasa wa kwanza kwa ridhaa yake.

Yule mtoto wa tatu nilimkuta katika sensa ya Juni 1880, mstari wa tano wa kaya yao. Penye umri, palipoandikwa 5 na 3 kwa ndugu zake, yeye ameandikiwa 8 juu ya 12, yaani miezi minane kati ya kumi na miwili, na pembeni neno binti. Jina lake tumelihifadhi nyumbani. Katika sensa ya jimbo ya 1885 hayupo tena. Nilimsomea mama mkwe mstari huo kwa simu, akanyamaza, kisha akaniambia nije na kalamu ya risasi, si wino. Jioni ile alimwandika binti huyo ukingoni mwa ukurasa wa Biblia, kati ya kaka zake na wadogo zake, kuzaliwa vuli ya 1879, na mahali pa kufariki akaacha wazi. Mtoto wa nane bado ninamtafuta katika magazeti ya wilaya ya kati ya 1885 na 1900.