Zamu unayoilaumu siyo iliyokupotezea mechi

Wewe unayeanza gemu za kadi, nianze na mechi moja niliyopoteza kwenye Hearthstone, gemu ya kadi ya simu na kompyuta, miaka kadhaa iliyopita, maana karibu kila ninachotaka kukuambia kimo ndani yake.

Nilikuwa nimebakiwa na uhai 7. Mpinzani alikuwa anacheza Mage, shujaa mchawi, uhai wake 8, na mezani mimi nilikuwa na viumbe wenye jumla ya nguvu 8. Mkononi hakuwa na kadi hata moja. Nilichokuwa nasubiri ni zamu yangu tu nimmalize. Akavuta kadi kutoka kwenye deki, ikawa Fireball: mana 4 (mana ndiyo nishati unayolipia kadi), madhara 6. Akaongeza uwezo wa shujaa wake, mana 2, madhara 1. Saba kamili. Nikaweka simu chini nikiwa na uhakika kwamba mwenzangu kalamba dume na kwamba gemu yenyewe ni bahati tupu.

Siku hizo nilikuwa narekodi skrini. Jioni nikairudia mechi taratibu, zamu baada ya zamu. Zamu mbili kabla ya mwisho, mimi nilikuwa na uhai 11 na yeye 14. Kwake mezani kulikuwa na kiumbe mmoja mdogo, nguvu 2 na uhai 2. Kiumbe wangu mwenye nguvu 3 angemuua na kubaki hai. Sikumgusa. Nilimpiga shujaa moja kwa moja, na zamu iliyofuata nikarudia vilevile. Kale kadogo kakanipiga mara mbili: 11, 9, 7. Ningekaua mapema, Fireball ileile ingenikuta na 11 na kuniacha na 4. Yeye angekuwa na 11 badala ya 8, kwa hiyo ningehitaji zamu mbili kummaliza, na yeye hana kitu mkononi. Zamu hizo mbili ningekuwa nazo.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Kadi niliyoilaumu ilikuwa imekamilisha kazi tu. Mechi niliipoteza pale nilipokiacha kiumbe cha nguvu 2 kwa kuona hakina maana. Tangu hapo kila nikishindwa naruka ile zamu ya mwisho, narudi nyuma mbili au tatu, naangalia nilikuwa na njia gani nyingine. Mara nyingi naikuta. Mara chache siikuti, na hapo ndipo nasema kwa moyo mweupe kwamba bahati imeamua.

Kosa langu siku ile lilikuwa na chanzo chake. Sikuwa nimejiuliza kati yetu wawili ni nani anayepaswa kuwa na haraka. Wachezaji wa Magic: The Gathering, gemu iliyotoka 1993 kwa kadi za karatasi na ambayo nyingi tunazocheza leo zinaifuata kwa namna moja au nyingine, wamekuwa wakijiuliza swali hili kwa miaka mingi. Katika karibu kila mechi kuna upande unaonufaika mechi ikiisha mapema na upande unaonufaika ikirefuka. Mage yule alikuwa na uchawi wa kunichoma moja kwa moja, kwa hiyo uhai wangu ndio ulikuwa lengo lake. Mimi nilikuwa na viumbe wakubwa zaidi, na kila zamu iliyoongezeka ilikuwa faida kwangu. Haraka ilikuwa yake, nikaichukua mimi. Ujue pia kwamba jibu hubadilika kulingana na uliyekutana naye. Deki ileile inayokulazimisha kushambulia leo, kesho mbele ya mpinzani mwenye kasi zaidi inakutaka ujilinde. Jiulize mwanzoni, kisha jiulize tena katikati.

Sasa tuje kwenye bahati, maana ni neno utakalolisikia kila siku. Bahati ipo, na inahesabika. Chukua deki ya Hearthstone: kadi 30, na kadi unayoihitaji sana umeiweka mara 2, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa kwa kadi zisizo za hadhi ya juu kabisa. Ukianza wewe, unapewa kadi 3. Nafasi ya kuiona ile kadi katika hizo 3 ni kama asilimia 19. Lakini kabla ya mechi kuanza unaruhusiwa kurudisha kadi usizozitaka, na ulizorudisha haziji kama mbadala. Ukirudisha zote 3 utakuwa umeona kadi 6, na nafasi inafika karibu asilimia 37. Ukiwa wa pili unapewa 4, ukirudisha zote umeona 8, na nafasi ni kama asilimia 47. Hapo bado hujacheza chochote. Mtu anayeng'ang'ania kadi ya mana 8 mkononi mwanzoni kwa sababu ni nzuri na ameipata kwa shida ametupa nafasi hiyo bure, halafu zamu ya nne utamsikia akilia kwamba amelamba magarasa. Mwanzoni mwa mechi, shikilia kadi za mana chache, rudisha nzito. Kuna deki zinazovunja kanuni hii, nawe utazitambua wakati wake ukifika.

Jambo lingine la hesabu linalowakatisha tamaa wageni ni kushindwa mfululizo. Gemu hizi zinakutafutia mpinzani wa kiwango chako, kwa hiyo kushinda nusu ya mechi ni hali ya kawaida kabisa. Mchezaji anayeshinda asilimia 55 anapanda daraja vizuri tu. Na huyohuyo, kwa hesabu, katika mechi 100 atategemea kupoteza nne au zaidi mfululizo mara mbili hivi. Usibadilishe deki kwa sababu ya mechi nne. Pumzika ukiona mkono unabonyeza kabla akili haijaamua. Zamu ya Hearthstone ina sekunde 75, na wengi wetu tunatumia kumi.

Kama unataka kuelewa kushindwa kwa namna nyingine kabisa, cheza Marvel Snap kwa mwezi mmoja. Ilitoka 2022, deki ni kadi 12, mechi ni zamu 6. Kinachoshindaniwa ni michemraba, yaani pointi. Mechi inaanza na mmoja, zamu ya mwisho unaongezeka maradufu, na kila mchezaji ana ruhusa ya kuongeza maradufu mara moja, hadi kufika 8. Unaruhusiwa pia kujiondoa wakati wowote na kulipa kiasi kilichopo mezani wakati huo. Wageni wengi hawajiondoi. Wanaona aibu, au wanataka kuona mwisho wake. Piga hesabu: mtu aliyejiondoa mapema mechi sita, akalipa mchemraba mmoja kila mara, kisha akashinda mechi moja ya 8, ana faida ya 2 baada ya kushindwa mara sita na kushinda mara moja. Nimewahi kuwaambia watu hivyo wakanibishia. Mimi nauona kuwa somo zuri kuliko yote katika gemu za kadi za ushindani, kwa sababu unalazimika kujiuliza kila zamu: kwa ninachokiona sasa, naamini kweli nitashinda? Kiasi gani?

Na kabla hujaanza kushindana na watu, naomba upite Slay the Spire. Toleo lake kamili ni la 2019, na unacheza peke yako dhidi ya kompyuta, kwa hiyo hakuna wa kukuharakisha. Mhusika wa kwanza, Ironclad, anaanza na kadi 10, na kila zamu unavuta 5. Maana yake deki yote unaiona kila baada ya zamu mbili. Baada ya kila pambano unaonyeshwa kadi tatu uchague moja, na mgeni huchagua daima, kwani nani anakataa cha bure? Ukifika kadi 30, kadi yako bora unaisubiri hadi zamu sita kabla haijazunguka tena. Gemu hiyo ina kitufe cha kuruka, usichukue chochote. Duka lake linakutoza dhahabu 75 ili uondoe kadi moja kwenye deki, na bei inapanda 25 kila unapofanya hivyo. Yaani watengenezaji wamekuwekea bei kwenye kuwa na kadi chache, na mimi nilichelewa sana kuelewa kwa nini. Siku nilipoanza kukataa kadi nzuri kwa sababu haziendani na zile nilizonazo, nilianza kuona deki kama kitu kimoja, badala ya mkusanyiko wa vitu vizuri.

Kuhusu kuiga deki za wengine: iga. Najua wapo wanaosema mgeni ajitengenezee yake ili ajifunze, nami siwaungi mkono. Ukitengeneza deki hujui kama umeshindwa kwa sababu ya deki au kwa sababu yako, na mkanganyiko huo utakupotezea miezi. Chukua deki iliyothibitishwa, icheze mechi hamsini bila kubadilisha kadi hata moja. Ila usichukue ile iliyo juu kabisa kwenye orodha za deki bora. Orodha nyingi zinatokana na matokeo ya wachezaji wa juu, na deki inayohitaji uamuzi mgumu kila zamu itashinda mikononi mwao na kuanguka mikononi mwako. Tafuta inayoshambulia mapema na inayoeleweka.

Utasikia pia kwamba kadi fulani ni kali kupita kiasi. Wakati mwingine ni kweli. Undertaker ya Hearthstone ililalamikiwa sana mpaka ikapunguzwa makali mwaka 2015, na waliolalamika walikuwa na haki. Gemu ya simu au kompyuta inaweza kubadilisha kadi iliyokwisha kutoka, jambo ambalo kadi ya karatasi haiwezi. Kipimo changu ni hiki: naangalia kama wanaoitumia kadi hiyo na kushinda nayo wanasema hivyohivyo. Kama malalamiko yanatoka kwa walioshindwa peke yao, nakaa kwanza nitafute jibu lake kwenye deki yangu.

Pesa sitaizungumza sana, ila usiharakishe. Kwenye Hearthstone kutengeneza kadi moja ya hadhi ya juu kunagharimu vumbi 1600, vumbi likiwa sarafu ya ndani ya gemu, na ukiivunja kadi kama hiyo unarudishiwa 400. Robo tu. Kila uamuzi wa haraka unapoteza robo tatu ya thamani, kwa hiyo wiki za mwanzo usivunje kitu. Wachezaji wanagombana sana kuhusu bei za gemu hizi, na pande zote zina mfano. Artifact, gemu ya kadi ya kampuni ya Valve, ilitoka 2018 ikiuzwa dola 20, halafu kadi nyingine ukanunue sokoni. Aliyeibuni ni Richard Garfield mwenyewe, aliyebuni Magic, na bado wachezaji waliihama haraka, hadi 2021 kazi ya kuiendeleza ikasimamishwa. Legends of Runeterra, gemu ya kampuni ya Riot, ilikuwa kinyume chake. Iligawa kadi kwa ukarimu tuliousifia sote, na mwaka 2024 Riot wakaeleza kuwa haijilipi, wakahamishia nguvu kwenye upande wa kucheza peke yako. Niliipenda sana gemu hiyo. Ninapomsikia mtu akidai kila kitu kiwe bure, naikumbuka Runeterra, na ninapomsikia mwingine akitetea kila bei, naikumbuka Artifact.

La mwisho ni namna ya kuomba maoni, kwa sababu utayahitaji na wengi wanayaomba vibaya. Mtu anakwenda kwa mchezaji mzoefu na kumsimulia: nilikuwa nashinda, akavuta kadi fulani, nikafa, nimekosea wapi? Mzoefu akishajua mwisho, jibu lake limeshapinda, atakuonea huruma au atakutafutia kosa kwenye zamu uliyomtajia. Fanya hivi. Piga picha ya skrini katika ile zamu iliyokutia shaka, ikionyesha kadi zako za mkononi, meza yote, uhai wa pande mbili na mana iliyobaki. Mpe na kadi alizokwisha kucheza mpinzani. Usimwambie ulifanya nini wala nani alishinda. Muulize tu: hapa ungecheza nini, na unaogopa kadi gani?

Nilipoituma picha ya ile mechi ya Mage kwa rafiki aliyenizidi sana, zamu mbili kabla ya Fireball, alijibu kabla sijaweka simu mezani. "Ua hako kadogo kwanza," aliandika, "huyu anakuchoma."