Kiporo Kikiingia Sufuriani: Maswali Yenu Kuhusu Supu

Tukishakula kuku, mifupa hujaa sahani nzima. Inatoa supu kweli, au najichosha bure? (Msomaji, Tanga)

Inatoa, tena nzuri. Uzito wa supu hautoki kwenye minofu, unatoka kwenye maungio ya mifupa, shingo, miguu na ngozi. Kwa hiyo ukimkata kuku, shingo, miguu na mgongo viweke pembeni, visifike mezani kabisa. Ponda mifupa mikubwa, itie sufuriani na mabaki hayo, mimina maji ya baridi hadi yaifunike. Kuku mmoja hutaka kama lita 2. Yakianza kuchemka, punguza moto. Wa mkaa, toa makaa kadhaa. Povu la kijivu litapanda juu. Liengue kwa kijiko mpaka liishe, kisha acha itokote polepole saa moja na nusu hadi mbili. Moto mkali huyavuruga mafuta yakachanganyika na maji, na supu ikawa na weupe mchafu.

Nusu saa kabla ya kuepua, tia kitunguu, karoti, tangawizi ya kuponda na pilipili manga. Chuja. Vinyama ulivyochambua viingie mwisho kabisa, vipate moto tu, maana vikikaa sana vinabaki nyuzi. Onja chumvi, kamulia ndimu ikishaepuliwa. Ikilala kwenye friji ikaganda, furahi: hiyo ndiyo supu yenyewe. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa hapo humwacha mbali broila.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Morogoro, sina friji. Wali wa jana usiku ulibaki sufuriani na hauna harufu. Nikiuchemsha sana kwa supu ya mboga, si vijidudu vinakufa? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Umwage, hata kama roho inauma. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na kupika kwa kawaida. Wali ukikaa na uvuguvugu usiku kucha, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na kuchemsha. Matokeo yake ni kutapika, na pengine kuharisha. Usisubiri harufu ikwambie. Wali unaweza kuwa na sumu kabla haujachacha.

Kwa kuwa huna friji, pima mchele wa mlo mmoja. Ukibaki, uingize kwenye supu usiku huohuo na uile. Mwenye friji autandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha auweke ndani kabla saa mbili hazijapita tangu uepuliwe. Ukiachwa sufuriani umeshindiliwa, katikati hubaki na joto muda mrefu.

Supu yangu imezidi chumvi. Niliambiwa nitie kiazi kinyonye. (Msomaji, Mombasa)

Kiazi hunyonya maji pamoja na chumvi yake, kwa hiyo mchuzi unaobaki ni wa chumvi ileile. Ongeza maji ya moto, au mboga ambazo hazijatiwa chumvi. Mchuzi wa kiporo una chumvi yake tayari. Onja kwanza, chumvi ya ziada iwe ya mwisho.

Ndizi za kupika zimebaki, watoto hawazitaki tena. (Mama, Arusha)

Uko karibu na wenyewe, dada! Wapikie mtori. Wachaga wa Kilimanjaro humpa mzazi aliyetoka kujifungua, na mtoto anayekataa ndizi nzima mara nyingi hunywa mtori. Ziponde kwa mwiko zingali za moto, ongeza supu ya mifupa ya ng'ombe kidogo kidogo hadi uwe mzito wa kunyweka, kisha rudisha nyama iliyochambuliwa. Mimi hupenda kitunguu na chumvi tu. Viungo vingi vinaufunika utamu wa ndizi.

Maharage ya nazi yaliyobaki je? (Msomaji, Zanzibar)

Yapondeponde nusu, ongeza maji na nyanya, pasha kwa moto mdogo huku ukikoroga ili tui lisikatike. Chakula chenye tui huchacha haraka, hivyo yasilale nje ya friji. Na usipashe sufuria nzima kila mara. Chota mnayokula sasa, yachemke, mengine yabaki kwenye baridi.