Mama amekoma hedhi: anunue vidonge vya homoni?

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 53 anunue vidonge vya homoni anavyouziwa mtaani. Asinunue, aonane kwanza na daktari. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike inayosaidia kulinda mifupa, hushuka na mifupa hupungua uimara haraka, hasa miaka ile ya mwanzo. Mwanamke aliyepita 50 anahitaji takribani miligramu 1,200 za madini ya kalsiamu kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, tena bei nafuu. Maziwa na mtindi pia. Mchicha mzuri, ila kalsiamu yake mwili huifyonza kidogo. Atembee kwa kasi kila siku. Na akitokwa damu tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, mpeleke hospitali upesi, tafadhali.