Maswali ya Wasomaji: Kwa nini England haikupewa ushindi wa mezani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa mpenzi wa kriketi tangu Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003. Katika mashindano hayo New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi za mezani. Mwaka 2021 India nayo haikuingia uwanjani Old Trafford, Manchester, kucheza na England, ilhali wachezaji wake wote walikuwa wamepimwa na kuonekana hawana korona. Mbona England haikupewa ushindi?
– Msomaji, Parklands, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, kumbukumbu yako ni sahihi, na swali lako ni zito kwa sababu hiyo hiyo. Hata hivyo, mazingira ya matukio hayo mawili hayakufanana. Mwaka 2003 Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) lilikuwa limekwisha kuamua kwamba mechi za Nairobi zichezwe kama zilivyopangwa. New Zealand ilisikia uamuzi huo na bado ikabaki na msimamo wake, hivyo hapakuwa na njia nyingine ila kuipa Kenya pointi.

Manchester ilikuwa habari nyingine. (Old Trafford tunayoizungumzia ni uwanja wa kriketi, mkongwe kuliko ule wa Manchester United ulio jirani yake.) India ilikuwa imecheza na England mechi nne kati ya tano za mfululizo wao: ya kwanza ilitoka sare baada ya mvua kuifuta siku ya mwisho, India ikashinda katika viwanja vya Lord's na Oval, London, na England ikashinda Headingley, Leeds. Wakati mechi ya Oval ikiendelea, kocha Ravi Shastri alipatikana na virusi, naye pamoja na baadhi ya wasaidizi wake wakatengwa London, timu ikasafiri bila wao. Kisha, mechi ya Manchester ikiwa imekaribia, msaidizi wa tiba ya viungo naye akapatikana na maambukizi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mtu huyo kazi yake ni kuwakanda wachezaji misuli, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yake, ndani ya chumba kimoja, na wachezaji kadhaa walikuwa wamepita mikononi mwake siku zile zile. Ni kweli kwamba majibu ya wachezaji wote yalionyesha hawana virusi, lakini ugonjwa ule ulikuwa ukichukua siku kadhaa kujitokeza, na kipimo cha leo hakimsafishi mtu kwa kesho. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 10 Septemba, takriban saa mbili kabla ya mechi kuanza, ilitangazwa kwamba imefutwa.

Taarifa ya kwanza ya bodi ya England ilidokeza kwamba India imeipoteza mechi hiyo, kisha kauli hiyo ikaondolewa upesi. Kanuni za Ubingwa wa Dunia wa Test (kriketi ya mechi za hadi siku tano), ziliruhusu mechi isichezwe bila timu kuadhibiwa iwapo korona imeifanya ishindwe kupanga kikosi. Ikiwa India ilifikia kiwango hicho au la, ndiyo hoja ambayo bodi mbili zilivutana juu yake, hadi Oktoba zilipokubaliana mechi ichezwe Edgbaston, Birmingham, Julai 2022.

Wako wanaosema sababu halisi ilikuwa IPL, ligi tajiri ya kriketi ya India, iliyokuwa ianze tena Falme za Kiarabu tarehe 19 Septemba, siku tano tu baada ya mechi ile kutarajiwa kumalizika. Bodi ya India ilikanusha. Kwa maoni yangu, ratiba ile ilikuwa imebanwa mno kiasi kwamba mchezaji ambaye angeambukizwa angebaki England kwenye karantini ya siku kumi, na waliopanga ratiba hiyo wanastahili lawama kuliko wachezaji walioogopa.

SWALI: Je, ni haki mechi ya 2022 kuhesabiwa katika mfululizo wa 2021?
– Msomaji, Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Kwa rekodi, imehesabiwa, na matokeo ni 2–2. Kwa haki, mimi nina shaka kubwa. Waliokutana Edgbaston hawakuwa wale wa mwaka uliotangulia: Ben Stokes alikuwa amechukua unahodha wa England kutoka kwa Joe Root, na England ilikuwa imetoka kuishinda New Zealand mechi tatu mfululizo, zote kwa kupiga mwisho na kufikia lengo la mikimbio (pointi za kriketi) zaidi ya 270. India haikuwa tena chini ya Virat Kohli, na nahodha mpya, Rohit Sharma, aliikosa mechi kwa sababu ya korona ile ile, ikabidi Jasprit Bumrah aongoze. Bumrah alifanya makubwa akiwa na gongo: ova moja (mipira sita) ya mrushaji wa England, Stuart Broad, ilitoa mikimbio 35, nyingi kuliko ova yoyote katika historia ya Test. Lakini England ilipohitaji mikimbio 378 ili ishinde, Root alipata 142 na Jonny Bairstow 114, wote bila kutolewa, wakashinda kwa wiketi saba (yaani wapigaji watatu tu wa England walikuwa wametolewa). Ushindi huo ni halali kabisa, na ningeuheshimu zaidi kama ungeandikwa kuwa mechi inayojitegemea, India ikabaki na uongozi wake wa 2–1. Wenye tiketi za Manchester walirudishiwa fedha zao, lakini mechi yao ilikwenda mji mwingine.